Hodi Kila Dakika

Mkataba wa benki ya damu ya Narva una kurasa arobaini.
Maarika anakumbuka mstari mmoja:
*Usisakinishe chochote ndani ya mashine.*
Hata kiprogramu. Hata cha siku moja.
Ni mashine kongwe, ikiguswa hununa,
na aliyezijua tabia zake
alistaafu, akahamia kwa bintiye.

Basi yeye hukaa Tartu, ghorofa ya tatu,
soksi juu ya soksi, chai imepoa,
na kila dakika hupiga hodi.
Haingii. Hodi tu,
kwa jina la kuazima lililoruhusiwa kusoma,
kuandika hapana.
Mko wangapi humo?
Nani anamngoja nani?
Diski imebakiwa na nafasi gani?
Nayo hujibu namba, bila salamu,
mlango ukarudi kuwa ukuta.

Saa tisa usiku namba zikachacha.
Muamala mmoja umeng'ang'ania mstari wa jedwali,
hauandiki, hauachii,
na nyuma yake foleni:
kumi na wawili,
kumi na tisa,
thelathini na mmoja.
Mahali fulani muuguzi ameomba O hasi
na kiduara kwenye kioo kinazunguka, kinazunguka.
Maarika anaona yote. Mikono hana.
Jicho bila mkono ndio usalama, bosi alisema siku ya kwanza.
Usiku huu angemwuliza: wa nani?

Vaike, mwenye funguo za hifadhidata, simu kaizima.
Akampigia Ülo, mlinzi,
ambaye ajua boila, makufuli na paka wa stoo.
"Vaike anakaa ng'ambo ya barabara. Kamgongee."
"Saa hizi?"
"Gonga mpaka atukane."

Ülo akaiacha simu juu ya mashine, akatoka.

Miaka sita ya kuuliza,
na sasa ndiyo mara ya kwanza anaisikia:
feni inakoroma kama mjomba mwenye mafua,
kitu kimelegea, kinagonga bati,
tk, tk, tk.
Hakuna namba iliyowahi kumwambia hilo.

Kisha buti, kisha sauti ya mwanamke inayotukana,
kibodi.
Foleni ikashuka: ishirini, nne, hakuna.

Maarika akauliza tena, kwa mazoea tu,
mko wangapi humo ndani?
Mmoja.
Akalisoma jina.
Lilikuwa lile la kuazima.