Mkebe wa Aiskrimu

Saa tatu usiku, Kondele ingali macho,
nami na tai shingoni nimesimama mbele ya Apondi,
taa yake ya sola ikimulika mafungu:
mnavu, mrenda, kunde, mgagani.
"Leo huendi kwa chipsi?"
Namtajia namba za daktari, moja juu ya nyingine,
kana kwamba ni deni la mtu mwingine.

Mchana kutwa napima mikopo ya watu.
Damu yangu, ni nani aliyeikopesha chumvi yote hii?

Wiki ya kwanza nilichemsha mgagani dakika kumi,
nikaula mchungu, nikalaani, nikaagiza soseji.
Apondi akacheka hadi kisu kikamponyoka:
"Huo hauna habari na haraka yako.
Uchemshe, uulaze na maziwa.
Kesho uchemshe tena. Keshokutwa ndipo ule."

Siku tatu!
Mimi, ninayekula nimesimama, simu begani.

Basi Jumamosi nachambua, bua huku, jani kule,
vidole kijani kama vya marehemu nyanya,
aliyenifukuza na sahani hii hii
nikajificha nyuma ya ghala.

Sijaokoka kabisa. Jumapili
ngege wa kukaanga bado ananijua kwa jina.
Mkanda umerudi tundu moja, si mawili.

Jana, kwenye friji ya ofisi,
mwizi mwenye matumaini matamu
alifungua mkebe wangu wa aiskrimu.
Nimeukuta mtupu, umeoshwa,
ndani noti ya hamsini
na kijikaratasi: "Mchungu.
Kesho upo?"