Stempu ya Bata

Posta yetu ya Tolvik ina dirisha moja
na mizani inayodanganya kwa gramu mbili.
Huu ni mwaka wa ishirini na sita nimekaa nyuma yake.
Najua nani huandikiwa na benki,
nani na mwanawe aliyefungwa Bismarck,
na najua kwamba kabla ngano haijamalizika kuvunwa
watakuja, matope ya buti hadi kwenye kaunta, kununua bata.

Ndivyo wasemavyo: "Ardis, nipe bata."
Nami nampa kila mmoja bata wa karatasi,
gundi mgongoni, bei ubavuni.
Na sheria ni hii: mwindaji sharti atie saini
kwa wino, juu ya uso wa stempu.
Basi jina la mtu hupita juu ya bawa
wiki kadhaa kabla ya marisau.

Pesa hiyo haikai hapa.
Huondoka na gari la saa tisa
na kurudi baada ya mwaka, au miaka sita,
katika umbo la maji.

Sisemi mafumbo. Fuata njia ya changarawe
hadi kwa akina Haugstad, utazame kushoto.
Mzee Haugstad, babake Verlyn,
alikuwa na trekta moja na chuki ya kila kilicholowa.
Mashimo yaliyoachwa na barafu ya kale
aliyaita majipu ya shamba, akayatumbua moja moja,
mfereji huu kiangazi hiki, mfereji ule kiangazi kile,
chovya chovya, hadi buyu likabaki na harufu tu.
Akapanda alizeti hadi mlangoni.
Theluji ilipoyeyuka, bata walizunguka juu mara tatu
kama watu waliorudi wakakuta nyumba imebomolewa
na jirani hataki kusema ilisimama wapi.

Verlyn alirithi alizeti, na madeni, na bunduki.
Mwanamke wa serikali alipokuja na ramani
hakununua shamba. Alinunua ahadi:
usikaushe, usifukie, usichome.
Verlyn alisaini jikoni, kando ya doa la kahawa,
kisha akaiziba mifereji ya babake
kwa koleo lile lile lililoichimba.
Watu husema alilia. Nilimwona siku ile.
Alikuwa na njaa, basi.

Binti yangu Solveig, asiyekula nyama,
hunipigia simu kutoka Minneapolis.
"Mama, unauza ruhusa ya kuua."
Ndiyo.
"Na wanaoua ndio hao hao wanaonunua viota."
Ndiyo.
Hungoja niongeze neno. Sina.
Niliwahi kumpasua bata wa zawadi
nikakuta firigisini mbegu za matete, nzima bado,
za kidimbwi kile kile, naapa.
Nilinawa mikono. Nikala.

Jana Verlyn kaja, kaipapasa kaunta hadi kuniona
kwa vidole. Macho yamefunga ukungu;
bunduki alimpa mpwa wake mwaka juzi.
"Nipe bata."
Kwa mazoea nikamsogezea kalamu.
Akaishika, akaipima uzito kama mtu apimavyo yai,
akairudisha.
"Mwaka huu aende hivyo hivyo."

Akauliza ni ndege gani safari hii.
Nikamwambia: dume, mkia kama mkuki,
anatua, miguu ameitanguliza,
ila mchoraji hakuyachora maji.

"Yapo," akasema. "Chini kidogo tu."
Na kidole chake kikashuka polepole
kutoka kwenye karatasi
hadi juu ya ubao.