Bei ya Herufi

Kila herufi mia tano, Sechelela.
Nafasi kati ya maneno sitozi.
Ndivyo ninavyokula mimi, fundi wa mabango
wa Chang'ombe, ubavuni mwa mashine ya kusaga.
Kwa hiyo nikikwambia punguza,
jua najikata mkono mwenyewe.

Karatasi yako nimeisoma mara mbili:
"Sechelela Entaprizi, Wauzaji Mahiri wa Bidhaa Bora
za Aina Zote kwa Jumla na Rejareja, Karibuni Nyote."
Herufi themanini na nne. Elfu arobaini na mbili.
Na mafuta yako wapi humo?

Unasema kizuri chajiuza.
Aliyesema hivyo hakuwahi kulipa kodi ya fremu.

Andika MAFUTA YA ALIZETI YA KONGWA.
Chini yake: LETA CHUPA YAKO.
Basi. Namba ya simu nakuchorea bure,
nyeusi, siyo nyekundu;
nyekundu kwa jua la Dodoma haimalizi miaka miwili,
inalambwa mpaka inabaki kama ufizi wa mtoto,
na mteja anapiga tatu badala ya nane,
anaongea na mtu wa Singida asiyeuza chochote.

Sasa, bango tuligeuzie wapi?
Duka lako liko Ihumwa, barabarani.
Asubuhi watu wanakimbilia ofisini Mtumba,
na hakuna anayeingia ofisini na kidumu cha mafuta.
Wasubiri jioni, wanaporudi mjini,
wameshakumbuka kwamba jikoni hakuna kitu.
Jua litakuwa linawachoma usoni,
hivyo ubao mweupe, herufi nene,
kimo cha macho ya mtu wa pikipiki.

Halafu, saa kumi na moja, kaanga.
Viazi, kachori, chochote.
Harufu inavuka lami bila kibali,
inamfikia hata asiyejua kusoma.
Anayesimama mpe kipande kimoja, nyamaza,
mwache atafune.

Picha za kuweka kwenye simu piga asubuhi, mlangoni,
mwanga ukipita katikati ya chupa.
Ile ya jana usiku uliyonionyesha,
samahani, dada yangu,
nilidhani ni dawa ya kikohozi.

Nunua daftari. Mteja akija muulize moja tu:
nani kakuelekeza?
Andika jina la aliyetajwa, siyo la aliyekuja peke yake.
Jina likijirudia mara tatu
mpelekee nusu lita mpaka kwake.
Huyo ndiye bango lako lenye miguu,
na halipauki.

Ila usije ukachanganya na mawese mwezi ukiwa mgumu.
Mimi namleta mtu mara ya kwanza.
Mara ya pili analetwa na chapati yake.

Akakunja karatasi, akahesabu elfu kumi na nane
kwa noti zilizonuka mashudu,
akanyanyua macho juu ya mlango wangu.
Mbao tupu. Misumari miwili.
"Na lako, fundi?"

Nikasema upepo wa Agosti uliling'oa.
Akaendelea kutazama.
Nikasema watu wananijua.
Akatazama.
Ukweli ni kwamba miaka saba nimelianza mara sita:
fundi bingwa, msanii, mchoraji wa kisasa,
vibao, mihuri, magari, kuta za shule,
kila neno likinililia nisilifute.

Akaokota mkaa kwenye jiko la mama wa mashineni,
akapanda juu ya ndoo yangu ya rangi, akaandika:
NAANDIKA MABANGO.

Herufi kumi na tano. Nilizihesabu, mazoea tu.
N ya kwanza imegeukia nyuma
na mstari unateremka kama mtu aendaye kisimani.
Kitambaa ninacho mfukoni tangu juzi.
Bado sijapanda kurekebisha.