Ndani ya Siku Tatu

Nilifungua kamusi, nikatafuta "ndani ya",
kamusi ikanipa *dans*, nikashukuru,
nikamwandikia Bwana Kasongo wa Lubumbashi
kwamba kontena lake la vigae litatoka bandarini
*dans trois jours*.
Nikabonyeza tuma. Nikaenda kula chipsi mayai.

Kumbe nimemwambia: siku tatu zipite kwanza,
ndipo.
Lori lake likaegeshwa Kibaha, dereva akafua nguo,
akazianika kwenye kioo cha pembeni,
na vigae vikalala Kurasini
vikihesabiwa usiku kwa usiku kama wageni wa hoteli.
Mama Ngonyani alikuja na ankara ya ghala
akaiweka juu ya kibodi yangu.
"Ni herufi nne tu, bosi."
"Basi tutakata herufi nne kwenye mshahara."

Ndiyo maana kila Jumanne na Alhamisi niko Upanga,
saa kumi na mbili jioni, kiti cha nyuma,
chini ya feni inayozunguka kwa kusitasita.

Mwalimu Kapinga, mzaliwa wa Mbuji-Mayi,
anachora nukta: *à*.
Anachora sanduku: *dans*. "Hii ina kuta," anasema,
na anaugonga ubao tuzisikie.
Kwa *en* hachori kitu. Anapunga mkono hewani.

*En Tanzanie. Au Congo.*
Sisi mwanamke, jirani mwanamume.
Nani aliyewacheza hawa unyago na jando
sisi tukiwa wapi?
Msumbiji ana *e* mkiani kama dada zake
lakini naye ni *au*, usibishane.
Komoro wako wengi: *aux*.
Unguja haina jinsia, inaitwa tu, *à Zanzibar*,
na Mwatumu wa Mkunazini akapiga meza: "Afadhali!"

Nami nilidhani Mungu alishamaliza kazi hii
kwa po, ko, mo.
Chai imo chupani, chupa ipo mezani,
sukari iko huko dukani, nenda ukakope.
Hakuna aliyenifundisha. Nililishwa na uji.

Na kwa yetu, masikini, kijakazi wa kazi zote:
kwa mguu, kwa kisu, kwa shangazi, kwa hasira, kwa nini.
Hapa wamemgawanya kama mirathi.
Kwa mguu ni *à*. Kwa basi ni *en*, maana unaingia.
Bakunda, anayeendesha bodaboda, akanyoosha kidole:
"Na pikipiki?"
Mwalimu akavua miwani.
"Kitabu kinasema *à*. Watu wanasema *en*.
Wewe vaa kofia ngumu."

Wiki ya tano Bwana Kasongo alipiga simu mwenyewe.
Nilikuwa nimeandaa sentensi, nimeifuta, nimeiandaa tena.
Akanikata kwa Kiswahili cha kwao:
"Mama, bintu yangu iko *ku* port
ao iko *mu* motokari?"

Nikanyamaza hadi akadhani mtandao umekatika.
Ile *-ni* yetu, iliyozoea kubebwa mgongoni na nomino,
kule imeshuka, imepotea,
na *ku* na *mu* zimetangulia mbele ya neno
kama watoto wanaokimbia kufungua mlango.
Alichokuwa anakisema Kapinga ubaoni
huyu anakisema akiulizia vigae.

Kontena la pili lilifika mwezi wa Julai.
Kamusi niliiacha kwenye droo.
Niliandika *d'ici trois jours*,
toka hapa, siku tatu, zisizidi:
neno linaloanzia uliposimama
na kuhesabu kwenda mbele, kama nguzo za umeme
ukitoka Mbagala.
Nikabonyeza tuma.
Sikwenda kula. Nilikaa nikiitazama ile *d* na kikoma chake cha juu
mpaka jibu likaingia, bila salamu:

Camion iko mu njia.