Penye Bawaba

Ami Zahran hakutaka gari la mwanawe,
wala dereva, wala "nitakupitia saa kumi."
Alitaka baiskeli yake ileile ya kukunja
aliyoinunua Ruwi kwa riali kumi na nane,
magurudumu ya inchi ishirini, rangi ya bizari,
iingie kwenye lifti pamoja naye
na mfuko wa kofia anazoshona.

Goti ndilo lililokataa.
Kile kilima cha Al Khoudh, baada ya mzunguko,
kilimshusha kwenye tandiko kila alasiri
akawa anaikokota kama mbuzi aliyeona kisu.

"Niwekee mota," akasema, "lakini pedali ziache.
Sitaki kukaa juu yake kama gunia la mchele."

Ijumaa, baada ya sala na wali,
nikavimwaga sebuleni juu ya magazeti:
mota ya gurudumu la mbele, wati mia mbili na hamsini,
kontrola, kihisio cha pedali,
na betri niliyoipata Wadi Kabir kwa fundi mmoja Mmalabari
aliyeniuliza mara tatu
kama baiskeli ni ya mtoto.
Bi Thuwaiba akaitazama betri kwa mlangoni.
"Hiyo isilale jikoni kwangu."

Uma wa mbele ulikuwa finyu.
Nikapiga tupa, kidogo, kidogo, mpaka ekseli ikaketi.
Nikafunga mkono wa chuma isije ikajizungusha ikang'oka.
Mpaka hapo nilikuwa fundi.

Kisha waya.
Nilitaka kazi safi.
Nikaupima sawasawa, nikaukata sawasawa,
nikaulehemu, nikaubana ukalala juu ya fremu kama mshipa,
nikapiga na picha.
Ami akaikunja.
Pa!
Mlio mdogo, kama kijiti cha kiberiti.
Penye bawaba waya umechomoka, shaba nje.

Sikusema kitu. Yeye ndiye aliyesema:
"Kofia ikibana, kichwa hakina kosa.
Umeipima ikiwa imesimama.
Hukuipima ikiwa imelala."

Akavaa miwani. Akaleta uzi, sindano,
na sumaku aliyoing'oa mlangoni pa friji.
Sindano akaitumbukiza ndani ya bomba la fremu
(ni alumini, sumaku haikuwa na ugomvi nayo),
akaivuta kwa nje, polepole,
kwa mkono uleule unaotoboa tundu elfu katika kofia moja
na la mwisho lisiachane na la kwanza.
Sindano ikatoka upande wa pili, nyuma yake uzi,
nyuma ya uzi waya mpya.
Na penye bawaba akaacha kitanzi,
upana wa vidole vinne,
kibaya, kila mtu atakiona.
"Hapa," akasema, "usifanye ubahili."

Nikamkumbuka kaka yangu aliyehamia Sharja
na neno nililomkatia fupi kwenye simu,
mwaka wa pili sasa.
Sikumwambia Ami. Nilimpa koleo.

Magharibi haijaingia, nyuzi arobaini na moja.
Kanzu ameibana kiunoni kwa vibanio vya nguo vya Bi Thuwaiba.
Pedali nusu duara, kimya,
halafu mota ikaamka, mvumo wa nyuki ndani ya mtungi.
Haikumsukuma mpaka alipoanza mwenyewe;
hilo nililipanga hivyo.
Akapita maegesho, akampita dobi,
akakifika kile kilima
na nikamwona anakipanda hali ameketi,
wima, hageuki.
Nikamkimbilia hatua kumi hivi, na kandambili.
Nikaacha.

Usiku ukaja ujumbe wa sauti,
sekunde hamsini, nusu yake kikohozi:
amefika kwa dada yake Al Hail,
ameikunja, ameikunjua, ameikunja tena watoto waone,
kitanzi kizima, betri bado mistari mitatu.
Dada mtu kauliza inakula nini.
Lakini kimya namna ile ni balaa,
paka wa watu nusura afe,
na mimi, msomi wa umeme,
nimesahau kuirudisha kengele.