Keria ya Otmari

Baiskeli ya baba haikuwa yetu.
Tulilijua hilo tangu wadogo,
kama wengine wanavyojua shamba lao ni la kukodi.
Juu ya keria alifunga kipande cha godoro,
akakikaza kwa mpira wa tairi,
akakivika kanga ya mama, ile ya Pasaka,
ambayo mama hakuombwa.

Kutoka kwetu hadi hospitali ya Nyangao
ni vilima vitatu na mchanga.
Aliipima njia kwa rozari:
furaha kwenye mteremko,
uchungu pale magurudumu yanapozama,
utukufu akishaliona bati la wodi.

"Tumsifu Yesu Kristo!" Usiku wa manane, mlangoni.
Mama hujibu kutoka kitandani:
"Milele, amina. Shikeni taa, huyo keshavaa."

Siku ya komunyo yangu ya kwanza
nilikwenda kanisani kwa miguu,
gauni jeupe, vumbi jekundu hadi magotini,
maana kwenye keria alikaa mke wa Chilumba
aliyeshikwa na uchungu alfajiri.
Baba alifika wakati wa baraka ya mwisho,
shati lina damu,
akasimama nyuma karibu na mlango
kama mtu aliyekuja kudaiwa.
Hakuomba radhi.
Alinipa bibo moja, limebonyea mfukoni.
Nililitupa. Kisha nikarudi kuliokota.

Msimu wa salfa alianza na mikorosho ya wajane.
Yetu ikangoja, ikaliwa na ubwiri unga,
na mwaka ule stakabadhi yetu ghalani
ilikuwa fupi kuliko jina lake.
Usiku nilimsikia mama ukutani:
"Mungu anao wengi, Otmari.
Mimi ninaye mmoja."
Baba alinyamaza muda mrefu sana,
hata nikadhani amelala.
Asubuhi hakuwepo, tukasema ndiyo kawaida yake.
Alirudi na ming'oko, tele, ameiosha mtoni,
akakaa jikoni, akachochea moto mwenyewe,
akamega wa kwanza, akampulizia mama.
Siku nzima alibisha hodi nani, sijui.
Mlango ulifungwa.

Ilikuwa siku moja tu. Naiandika isipotee.

Tulimzika Alhamisi.
Paroko alisema mengi na yote ni kweli,
ila hakusema alikoroma,
hakusema aliogopa nyoka,
wala kwamba wimbo wa sadaka ulimshinda sauti
na bado akaushika kwa nguvu kuliko kwaya.

Baada ya arubaini mama aliapa kuiuza baiskeli.
Mnunuzi alitoka Mtama, akaikagua, akataka punguzo
kwa sababu ya keria iliyopinda.
Mama akamwambia aende salama.

Jana usiku: "Tumsifu Yesu Kristo!"
Nilikuwa nimeshaketi, nautafuta mkono wa shati gizani.
Mama, kutoka kitandani:
"Milele, amina. Shikeni taa, huyo keshavaa.
Na kanga yangu hiyo,
safari hii muirudishe."