Banda la Trekta

Banda tulilimaliza mwezi wa Rajabu.
Shaame alilipima kwa hatua zake,
akaongeza tatu: "Huenda likaja na tela."
Mlango tumeuacha wazi,
mpana, kama wa nyumba yenye harusi.

Risiti iko kwa Bi Chumu, chini ya godoro.
Kila Ijumaa huikunjua tuuone muhuri.
Wino umeanza kufifia.

Mkoani wanasema: meli ya wiki ijayo.
Wiki ijayo wanasema: lipo Unguja, linangoja karatasi.
Kumbe hata chuma hungojeshwa.

Mimi nilimuuza Sururu, dume langu la plau,
nikatia hisa mbili.
Juzi nimepita kwa aliyemnunua.
Kaniangalia.
Nami nikaangalia miguu yangu.

Leo mvua imeingia bonde la Weni
bila kumuuliza mtu risiti.
Tumeyatoa majembe, mipini imeliwa na mchwa,
tukashuka.

Jioni, bandani,
pale Shaame alipochora gurudumu kwa chokaa,
tumemkuta kuku wa jirani na mayai saba.
Faki kaokota fagio.

"Mwache alalie," kasema Bi Chumu.
"Yeye siku zake anazijua."